Sarara Haina Ugonjwa, Usiipe Dawa

Jumamosi iliyopita, saa 4 asubuhi, simu iliita. Alikuwa shemeji yangu wa Tabata, na siku hiyo hata salamu aliiruka. "Shemeji, hebu niambie, hii sarara niiweke nini ilainike?"

Nikamuuliza kwanza ameifanya nini. Akaeleza. Ameinunua alfajiri, kilo moja na nusu, ingali ya moto, kwa kuwa kesho yake wakwe zake wanakuja kula mchana. Ameikata vipande, akaitia sufuriani na tangawizi na kitunguu saumu, ikachemka dakika 45. Sasa haitafuniki. Jirani wa kushoto kamshauri aipake papai bichi. Jirani wa kulia, na hapo nusura nikate simu, kamwambia atumbukize vidonge viwili vya panadoli.

Kazi yangu ni nyama: naikata, naihifadhi, na kuwafundisha vijana wa jikoni kuipika. Swali la "niiweke nini" nimeulizwa harusini, nimeulizwa msibani, nimeulizwa kwenye daladala, na mara moja nimeulizwa na daktari wa meno huku mdomo wangu uko wazi siwezi kujibu. Kila mara linahusu sarara, au fileti kama wengi mjini wanavyoiita. Kila mara anayeuliza ametoa pesa nyingi kuliko kawaida yake. Na kila mara nyama ilikuwa laini mpaka alipoigusa yeye. Leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeuliza kesho nimpe ukurasa huu asome, mimi niendelee na shughuli zangu.

Jibu ni hili: usiiweke kitu. Sarara haipungukiwi na chochote. Swali la "niiweke nini" ni la muundi, la shingo, la kidari. Ukilipeleka kwa sarara ni kama kumpeleka mtu mzima wa afya hospitali akachomwe sindano kwa sababu jirani yake anaumwa.

Ukimpasua ng'ombe, sarara unaikuta kwa ndani, imelala chini ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno, jirani na figo. Ziko mbili tu, moja kila upande, na kwa ng'ombe wetu wa kienyeji kila moja mara nyingi haifiki kilo mbili. Ndiyo maana ni ghali: ng'ombe mzima, sarara mbili. Ng'ombe anayeswagwa kutwa kutafuta maji hutembea kwa mapaja, hujibeba kwa mabega, na huinamisha na kuinua kichwa kwa shingo. Sarara katika shughuli hiyo ni kama mtoto wa mwisho, ipo nyumbani, lakini kazi wanafanya wengine. Msuli usiochoshwa hauna haja ya gundi nyingi ya kuushikilia.

Neno gundi ndilo ufunguo. Ugumu wa nyama una vyanzo viwili. Cha kwanza ni kolajeni, ile gundi inayofunga nyuzinyuzi za msuli pamoja na kuzishikiza kwenye mfupa. Kolajeni ikikaa kwenye unyevu na moto wa kutosha kwa saa kadhaa huyeyuka ikawa jelatini. Supu ya kongoro hunata midomoni kwa sababu hiyo, na ikilala usiku kucha asubuhi unaikuta imeganda. Chanzo cha pili ni nyuzinyuzi zenyewe. Hizi kazi yao ni kinyume cha gundi: kadiri unavyozipika ndivyo zinavyojikunja na kukaza. Zinaanza kujikunja kwenye nyuzi joto 50 hivi za sentigredi, na zikifika kati ya 65 na 70 zinabana kwa nguvu na kutoa maji kama nguo inayokamuliwa kwa mikono miwili.

Sasa pima mwenyewe. Muundi una gundi tele, kwa hiyo ukiuchemsha saa tatu unapoteza maji lakini unapata jelatini, na jelatini ndiyo inayokufanya uuone ni laini na mtamu. Sarara ina gundi kidogo mno. Ukiichemsha dakika 45 hakuna cha kuyeyuka, ila maji yanakamuliwa yote. Kilo moja na nusu ikitoka sufuriani ikiwa kilo moja, usimlaumu mwenye bucha na mizani yake. Nusu kilo iliyopungua imo kwenye mchuzi.

Sasa tuje kwa hao majirani wawili.

Nimtendee haki mwenye papai, maana hakusema uongo mtupu. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, kimo ndani ya ule utomvu mweupe. Aliyewahi kumenya papai bichi bila kujipaka mafuta anaujua: vidole vinawasha jioni nzima. Kinachomuwasha ni hicho kimeng'enya, kinakata protini, na ngozi yake nayo ni protini. Hakichagui kati ya nyama ya ng'ombe na kidole cha mpishi. Papai likiiva utomvu hupungua, ndiyo sababu wazee wa pwani wanasisitiza liwe bichi. Kwenye mishkaki papai lina mahali pake kabisa. Nyama ya mishkaki aghalabu ni ya paja au bega, imekatwa vipande vidogo, inakaa kwenye viungo muda mfupi, kisha inakwenda kwenye makaa. Vipande vidogo vina uso mkubwa kwa uzito wao, na papaini hufanya kazi usoni tu. Aliyebuni mishkaki ya papai alijua anachofanya.

Tatizo ni pale unapolibeba papai hilo kutoka kwenye mishkaki ukalilaza juu ya sarara usiku kucha. Papaini haipenyi nyama nene, inaingia milimita chache na kusimama hapo. Ndani ya friji inasinzia. Inachangamka sana nyama inapopata moto, kwenye nyuzi joto 60 na kitu hivi, halafu moto ukizidi inakufa. Maana yake ni kwamba usiku kucha uliosubiri haukufanya kazi kubwa kama ulivyodhani. Shambulio lenyewe linakuja nyama ikiwa kikaangoni, na linashambulia tabaka la nje, lile lile ulilotaka liwe na ganda zuri la kahawia.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Mwaka wangu wa kwanza jikoni, katika hoteli moja ya pwani, nilitaka kumwonyesha mpishi mkuu kuwa nami ni mtaalamu. Nikasaga papai bichi zima, nikalipaka kwenye sarara nne, nikazifunika, nikaenda kulala kwa fahari. Kesho yake jioni nilipozikaanga hazikukamata rangi. Zilitoa majimaji ya kijivu na kunata kikaangoni. Nilipokata, kisu kiliingia sehemu ya nje kana kwamba naikata ndizi iliyoiva kupita kiasi, kisha kikafika ndani na kukuta nyama ya kawaida kabisa, laini kama alivyoiumba Mungu. Mpishi mkuu aliweka kipande mdomoni, akakitafuna, akakitema kwenye kitambaa. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Ilikuwa ngumu hata ukailainisha?" Mpaka leo sina jibu.

Magadi nayo yana mawakili wake. Magadi hulainisha maharage na makande, na hata kwenye nyama huifanya ishike maji zaidi. Wapishi wa Kichina hutumia unga wa aina hiyo kidogo sana kwenye vipande vyembamba vya nyama ya kukaanga, kisha wanaosha. Ukizidisha kwenye sarara unapata kitu kinachoteleza kama sabuni na kuonja kama sabuni. Ndimu na siki vinaleta uchachu mzuri na vinapausha uso wa nyama, basi. Havifiki ndani.

Yote hayo ni makosa ya mapishi, na makosa ya mapishi yanasameheka. La jirani wa kulia halisameheki.

Habari za kulainisha nyama kwa vidonge vya parasetamoli zimezunguka Afrika Mashariki miaka mingi, zinatajwa kwa maharage, zinatajwa kwa supu, zinatajwa kwa nyama ya mama lishe. Wengine wanazisimulia kwa kushutumu, na wengine, kama jirani wa shemeji, wanazitoa kama siri ya mjini. Hebu tukae na kidonge hicho mezani tukiangalie.

Ndani ya kidonge cha kawaida mna miligramu 500 za parasetamoli, na wanga na vitu vingine vya kukishikiza kisivunjike. Hakuna kimeng'enya cha kukata protini kama cha papai. Hakuna magadi ya maana wala asidi ya maana. Hakuna chochote ndani yake chenye sababu ya kuyeyusha kolajeni au kulegeza nyuzinyuzi. Kidonge kinashusha homa ya mtu kwa kufanya kazi kwenye mwili ulio hai, wenye ubongo na damu inayozunguka. Ng'ombe aliyeko sufuriani hana homa tena.

"Lakini mbona imelainika?" Hilo ndilo jibu ninalopewa kila mara, kwa sauti ya mtu aliyeniweza. Imelainika kwa sababu uliichemsha. Mtu anachemsha nyama saa moja, inakataa. Anatia kidonge, anafunika, anachemsha saa moja nyingine, inakubali. Kidonge kinapewa sifa zote, na ile saa ya pili hakuna anayeitaja. Angefunika bila kidonge angepata nyama ile ile, akabaki na dawa yake ya kichwa.

Wapo wanaonijibu kwamba moto unaiua dawa. Hauiui. Parasetamoli huanza kuyeyuka kama kitu kikavu kwenye nyuzi joto 169 hivi, na sufuria ya maji yanayochemka Dar es Salaam haivuki 100. Arusha, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kabla hata ya kufika 96. Dawa hiyo huyeyuka kwenye maji ya moto na kukaa humo humo kwenye mchuzi, ikisubiri mlaji. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya kawaida. Kwa mtoto kipimo huenda kwa uzito wake, na ni kidogo zaidi sana. Sasa nani anajua kwenye sufuria ile vimeingia vingapi? Nani anajua aliyepakuliwa bakuli la mwisho, lenye mchuzi mzito wa chini, ni mzee mwenye ini bovu, au ni mtu ambaye tangu asubuhi ameshameza vidonge vyake sita kwa homa? Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na huliharibu kimyakimya: siku ya kwanza mtu anaweza kuona kichefuchefu tu, hatari yenyewe inajitokeza baadaye. Uingereza na Marekani, nchi zenye hospitali kila kona, kuzidisha dawa hii ni miongoni mwa sababu kubwa za ini kushindwa kazi ghafla. Wewe unaiweka kwenye mchuzi kwa kijiko cha kukisia, uwape wakwe.

Nimekuwa mkali, najua. Lakini angalia hesabu yake. Mtu amelipa bei ya juu kuliko nyama yote buchani ili apate ulaini, akauharibu ulaini huo kwa kuchemsha, kisha akataka kuurudisha kwa dawa. Angenunua muundi angepata supu nzuri, chenji, na ini salama.

Sasa sababu ya pili ya ugumu wa nyama ile, ambayo hakuna jirani anayeitaja. Shemeji alinunua nyama ya moto.

Tunapenda nyama ya leo. Mteja anaingia buchani, anaigusa kwa kiganja, akiona bado ina joto anaridhika. Nyama iliyolala anaidhania imeoza. Lakini msuli haufi dakika ile ile ng'ombe anapochinjwa. Unabaki na akiba ya nguvu, unaitumia taratibu, na akiba ikiisha unakaza. Kwa ng'ombe ukazaji huo hukamilika kati ya saa 12 na 24 hivi. Baada ya hapo vimeng'enya vya nyama yenyewe, si vya papai, huanza kuilegeza polepole siku baada ya siku ikiwa kwenye ubaridi. Wauza nyama makini huiacha itulie wiki moja au mbili kwenye chumba cha baridi. Nyama ya alfajiri inayoingia sufuriani saa 2 asubuhi imepikwa katikati ya safari hiyo, saa zake mbaya kabisa.

Wengine wanafanya vibaya zaidi: wanaitoa buchani ya moto, wanaikata vipande, wanaitupa kwenye friza. Mwaka 1963 watafiti wawili wa New Zealand, Locker na Hagyard, walionyesha kwamba msuli wa ng'ombe ukipozwa sana kabla haujamaliza kukaza hujikunja kupita kiasi na kuwa mgumu. New Zealand ilikuwa na sababu ya kulijali jambo hilo, maana ilikuwa ikigandisha nyama ya kondoo kwa haraka na kuipeleka ng'ambo, na walaji wakalalamika. Sarara ikiwa bado kwenye mzoga unaoning'inia kwa miguu ya nyuma ina kinga yake, imevutwa na kushikiliwa na mifupa isijikunje. Ikitolewa ya moto haina wa kuishika. Halafu friza inaigandisha, siku ukiiyeyusha inajikunja kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Mwenye nyumba anaitazama na kusema: ng'ombe huyu alikuwa mzee.

Basi dawa ya sarara, kama lazima tutumie neno hilo, ni subira ya siku mbili tatu kabla ya moto na haraka ya dakika chache juu ya moto. Tumezoea kuvipindua: tunanunua kwa haraka, tunapika kwa subira.

Neno moja kuhusu wekundu, kwa sababu najua ndio unaowarudisha watu kwenye kuchemsha. Maji mekundu yanayotoka kwenye nyama si damu. Damu ilitoka machinjioni. Wekundu ule ni mayoglobini, protini ya msuli inayotunza oksijeni, imechanganyika na maji ya nyama. Hata wanazuoni wa Kiislamu wametofautisha damu inayomwagika na wekundu unaobaki kwenye mnofu baada ya kuchinja. Hofu ya kweli ni tegu. Funza wake hukaa ndani ya msuli wa ng'ombe, na nyama mbichi ya katikati haina ulinzi dhidi yake. Kwa hiyo sisemi ule nyama mbichi kama wanavyoila baadhi ya watu Paris. Nunua nyama yenye muhuri wa ukaguzi, kisha katikati ifike nyuzi joto 63 na ipumzike dakika 3. Hicho ndicho kipimo Wizara ya Kilimo ya Marekani inachoshauri kwa kipande kizima, na tegu hafiki huko akiwa hai. Hapo nyama bado ina waridi kidogo na maji yake. Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa mpikie mpaka 71, na nyama ya kusaga kila mtu aile imefika 71, kwa sababu kilichokuwa juu kimesagwa kikaingia ndani. Kipimajoto cha nyama hakizidi bei ya sarara uliyoiharibu mwezi uliopita.

Haya, nitaje hatua, na nitakwenda mbio kwa sababu ndivyo zilivyo.

Kununua: uliza "amechinjwa lini?" na ufurahi ukiambiwa jana au juzi, mradi ilikaa kwenye ubaridi. Chukua kipande kizima, usiruhusu kikatwekatwe. Ukipata ya leo tu, iweke nzima kwenye friji, si friza, rafu ya chini, kwenye sahani, imefunikwa kwa wepesi, siku mbili au tatu, isizidi tano. Umeme ukikatika, usisubiri saa 4 zipite, pika mapema.

Kusafisha: ondoa ule utando mweupe unaong'aa upande mmoja. Ingiza ncha ya kisu chini yake, elekeza makali juu, vuta. Utando huo hauyeyuki kwa dakika chache za moto, na ukiuacha unabana nyama kama mkanda. Ule mnofu mwembamba unaoning'inia pembeni kata, weka kwa ajili ya mchuzi. Usiioshe nyama chini ya bomba. Kausha kwa karatasi ya jikoni mpaka karatasi itoke kavu. Nyama yenye maji haikaangiki, inachemka.

Chumvi: ama dakika 40 kabla au zaidi, ama pale pale unapoipeleka kwenye moto. Katikati ya hapo chumvi inavuta maji juu na kuharibu ganda. Pilipili manga mwishoni.

Kikaangoni: kata vipande vya unene wa sentimita 3, kukatisha nyuzinyuzi. Kikaango kizito, chuma kikiwezekana, kipate moto mpaka mafuta ya alizeti yaanze kutoa moshi mwembamba. Weka vipande, viachiane nafasi. Ukivibananisha umerudi kuchemsha. Geuza kila dakika moja, jumla dakika 7 au 8, toa vikifika nyuzi joto 60, vitapanda vyenyewe hadi 63. Dakika ya mwisho tia kijiko cha siagi au samli na punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, uvimwagie kwa kijiko. Moto mkali haufungi maji ndani, hiyo ni imani iliyosambazwa na mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig mwaka 1847 na imeshakanushwa zamani. Moto mkali ni kwa ajili ya rangi na harufu.

Kwenye makaa: subiri yafunikwe na majivu meupe, sogeza mengi upande mmoja. Kahawisha juu ya moto mkali, malizia upande wa baridi. Mafuta ya sarara ni machache, ukiigeuza kama mbuzi wa Jumapili kwa saa nzima itakauka.

Nzima kwenye oveni: funga kwa uzi ili unene ulingane, kahawisha pande zote kikaangoni, oveni nyuzi joto 180, anza kupima baada ya dakika 20. Hii ndiyo ya wageni wengi.

Hutaki waridi hata kidogo? Ni haki yako. Kata vipande vyembamba kama kidole, kaanga dakika mbili na vitunguu na hoho, kula mara moja. Au, ushauri wa bure, usinunue sarara. Nunua paja, pika rosti.

Kupumzika: dakika 5 kwa vipande, 15 kwa iliyo nzima, ndipo ukate. Hapa ndipo watu wanaposhindwa kujizuia. Jizuie.

Shemeji yeye, nilimwambia ukweli: ile iliyochemka hairudi. Achambue, aisage, atengeneze katlesi na sambusa, na mchuzi wake autumie kwenye pilau, maana nusu ya utamu umehamia huko. Kwa wakwe atafute kipande kingine, cha jana, kwenye bucha lenye chumba cha baridi. Akanyamaza kidogo. "Na hicho kingine nikiweke nini?"

"Chumvi."

"Basi?"

"Basi."

Jumapili saa 9 alasiri alinitumia picha ya meza. Wali, kachumbari, sambusa, na sarara imekatwa kwenye sahani ndefu, kahawia nje, waridi kidogo katikati. Nikaikuza picha, maana namjua. Pembeni ya sahani kulikuwa na papai. Nikampigia hapo hapo.

"Shemeji tulia," akasema, huku nyuma yake nasikia watu wanacheka na vijiko vinagonga sahani. "Limeiva. La kula baada ya chakula."